Tumemtwika mbuzi dhambi zetu

Jumapili iliyopita, kanisani hapa Bagira, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mhubiri alituambia kila mmoja amgeukie jirani yake na kumwuliza: "Wewe ni kondoo au ni mbuzi?" Watu wakacheka, wakaulizana. Kando yangu alikuwa ameketi mama mmoja mzee ninayemfahamu tangu utotoni. Yeye hakumgeukia mtu, akatazama tu mikono yake. Watoto wake wanne walisoma kwa mbuzi. Kila pesa ya shule ilipodaiwa, mbuzi mmoja alifunguliwa kamba na kushushwa sokoni, na kesho yake mtoto akarudi darasani. Sasa anaambiwa kwamba mnyama huyo ni sura ya watu wa motoni.

Hilo limenikaa moyoni wiki nzima, na naona si haki kwa mbuzi wala kwa Maandiko.

Mathayo 25 imeandikwa wazi. Mwana wa Adamu atayakusanya mataifa yote na kuyatenga, kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Lakini someni hukumu yenyewe. Hakuna aliyehukumiwa kwa ajili ya pembe au ndevu. Walio mkono wa kushoto, yaani mbuzi, wanaambiwa: nilikuwa na njaa, hamkunipa chakula, nilikuwa mgeni, hamkunikaribisha, nilikuwa mgonjwa na kifungoni, hamkuja kunitazama. Hapa Bukavu, ambako karibu kila nyumba imewahi kumlaza mtu aliyekimbia vita, maneno hayo yangetosha kutunyamazisha kanisa zima. Badala yake tulicheka habari ya mbuzi.

Isitoshe, huo mfano unaeleweka vizuri zaidi na mtu aliyechunga. Kondoo wa kwetu si wale weupe wa kwenye picha za katekisimu, wenye sufu kama wingu. Wana manyoya mafupi, rangi zao ni zilezile za mbuzi, na ukiwatazama kwa mbali kwenye vilima vya Walungu hutajua nani ni nani. Unangoja wasogee, ndipo uangalie mkia: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umelala. Nao hula pamoja mchana kutwa. Kwa hiyo kuwatenga ni kazi ya jicho la mwenye kundi, tena ni kazi ya saa ya mwisho. Yesu hakuwapa kondoo kazi ya kuulizana. Kiswahili chetu kinamwita mhubiri "mchungaji", jina zuri kabisa, na ningependa kila anayeitwa hivyo akae japo juma moja mlimani na kundi.

Halafu kuna neno lenyewe. Katika Kigiriki, Mathayo ametumia hapo *erifos*, mwana-mbuzi. Ndilo neno lilelile la Luka 15, pale mwana mkubwa anapomlalamikia baba yake kwamba miaka yote hiyo hakupewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Huyo mwana-mbuzi wa Luka ni karamu, ni upendo ambao mtoto aliona amenyimwa. Na ndama? Katika Kutoka 32 ni sanamu ya dhahabu, katika Luka 15 anachinjwa kwa furaha ya mtoto aliyerudi. Wanyama wa Biblia hawana maana moja iliyopigiliwa misumari.

Tena Pasaka. Tumezoea kuimba Mwana-Kondoo, nami naimba kwa moyo wote. Lakini Kutoka 12:5 inasema mnyama wa Pasaka atatwaliwa katika kondoo au katika mbuzi. Damu iliyopakwa milangoni kule Misri ingeweza kuwa ya mbuzi, na malaika wa mauti angepita vilevile. Hata hema ya kukutania ilifunikwa kwa mapazia 11 ya manyoya ya mbuzi. Na Methali 27 inazungumza kama mama wa huku kwetu Kabare: mbuzi ni thamani ya shamba, na maziwa yao yatatosha chakula cha nyumba yako.

Lakini sura inayonigusa kuliko zote ni Walawi 16. Kuhani Haruni anapewa mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa kwa ajili ya dhambi za watu. Wa pili anaachwa hai. Haruni anamwekea mikono miwili kichwani, anaungama maovu yote ya Israeli, kisha mnyama anapelekwa jangwani akiwa amebeba mzigo ambao si wake. Mbuzi huyo hakukosa kitu. Waliokosa ni watu waliosimama wakimtazama akiondoka.

Nasi Wakongo tumeendelea kumwekea mikono kichwani. Mtu akidai hongo ofisini, husikii akisema "mimi ni mwizi". Anasema: mbuzi hula pale alipofungwa. Nchi nzima inajua msemo huo. Mbuzi ninaowajua mimi hufungwa ili wasiingie katika maharagwe ya jirani, maana mashamba ya kwetu Bushi, nchi ya Washi, ni madogo na yamebanana. Kamba ni ya kumzuia asile cha mwingine! Sisi tumeigeuza kibali cha kula cha wote.

Ningependa siku moja tuhubiriwe Ezekieli 34 badala yake. Pale Mungu anasema atahukumu kati ya kondoo na kondoo, wanono na waliokonda. Wanono wanashtakiwa kwa kula malisho mazuri na kuyakanyaga yaliyobaki, kwa kunywa maji safi na kuyavuruga kwa miguu, kwa kuwasukuma wadhaifu kwa ubavu na bega hadi wakatawanyika. Hao ni kondoo. Mtu aliyeketi kanisani akijihesabu salama kwa kuwa yeye si mbuzi angepaswa kusikia hayo.

Baada ya ibada nilimsindikiza yule mama hadi kwake. Njiani hakusema lolote juu ya mahubiri, nami sikumwuliza. Nyuma ya nyumba alikuwa na jike moja, limezaa mapacha majuma mawili yaliyopita. Akaokota mmoja, akampapasa mgongo, akanipa nimshike.

"Hawa ni wa mjukuu wangu, mwanangu," akaniambia. "Wa Septemba, shule zikifunguliwa."