Msivifute vigezo vya taarifa za vimbunga

Juzi nimekuta kwenye ukurasa wa majadiliano wa Wikipedia pendekezo la kufuta vigezo (fomu tayari ambazo mhariri huzijaza ili rejeo lijiandike lenyewe kwenye makala) vya kunukulia taarifa za vimbunga, kibaki kile kimoja cha kunukulia tovuti yoyote. Sababu zilizotolewa ni mbili: vinajirudia, na wanaovitunza ni wachache. Chini yake watu wamepanga foleni kuunga mkono, na kwa maswali wanayouliza ni wazi hawajafungua hata kigezo kimoja wakaona kinafanya nini. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Taarifa ya kimbunga si ukurasa wa kawaida wa tovuti. Hutoka kila baada ya saa sita, na pwani ikiwa hatarini huweza kutoka kila baada ya saa tatu. Kuna vituo vya hali ya hewa vyenye anwani moja tu ya taarifa ya sasa: ikija mpya, inaandikwa juu ya ile iliyotangulia. Mhariri akibandika anwani hiyo asubuhi kuthibitisha kasi ya upepo, msomaji anayeibofya jioni anakuta namba nyingine kabisa, na msimu ujao anakuta kimbunga kingine. Kiungo kilichokufa kina nafuu, maana roboti, yaani programu zinazokagua makala zenyewe, hukigundua na kukiwekea alama. Hiki kinafunguka vizuri, hakina kosa lolote la kuonekana, na kinathibitisha jambo ambalo makala haikusema. Hakuna roboti itakayokinasa. Ndiyo maana kigezo kilichotengenezwa vizuri humtaka mhariri aweke anwani ya nakala iliyohifadhiwa na tarehe yake, na asipoweka kinamwonyesha onyo jekundu palepale. Kigezo cha tovuti yoyote hakiwezi kudai hivyo, kwa sababu hakijui kwamba ukurasa huu utabadilika kabla ya usiku kuingia.

Tuchukue kimbunga Irma cha 2017. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, kinahifadhi taarifa zake moja moja kwa mpangilio: mwaka, bahari, namba ya kimbunga, namba ya taarifa. Irma ni AL112017, yaani Atlantiki (AL), namba 11, mwaka 2017. Ukiwa na kigezo unaandika mwaka, bahari, 11, na namba ya taarifa, basi. Anwani inajengwa yenyewe. Siku tovuti ikibadilisha muundo wa anwani zake, unarekebisha mstari mmoja ndani ya kigezo, na makala zote zinazokitumia zimepona. Kwa pendekezo hili, nani atazipitia moja baada ya nyingine? Wale wale wachache wanaolalamikiwa kuwa ni wachache?

Kuna na tarehe. Taarifa iliyotolewa Miami Septemba 5, saa tano usiku, kwa UTC, saa za kimataifa, ni ya Septemba 6, saa 0300, yaani saa tisa usiku. Wahariri wawili makini wanaweza kuinukuu taarifa moja kwa tarehe mbili, kisha wa tatu akadhani ni taarifa mbili, akaandika sentensi mbili juu ya tukio moja. Nimeona makala zikiharibika hivyo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Irma ilipokuwa baharini, taarifa zilitaja upepo wa maili 185 kwa saa, takribani kilomita 295. Ripoti ya mwisho, baada ya wataalamu kupitia upya takwimu zote, ikashusha hadi maili 180, takribani kilomita 285. Namba zote mbili zinastahili kuwamo kwenye makala. Ya kwanza ndiyo waliyoisikia watu walipokuwa wakiamua kuhama au kubaki; ya pili ndiyo tunayoikubali leo. Msomaji hawezi kuzitofautisha kama rejeo halisemi waziwazi hii ni taarifa ya siku ile na hii ni ripoti ya baadaye. Ukienda Bahari ya Hindi mambo yanazidi ugumu. Kwa Idai ya 2019, iliyoua watu zaidi ya 1,000, kituo cha Réunion kilipima upepo kwa wastani wa dakika 10, na kile cha jeshi la Marekani kilichoko Pearl Harbor kwa wastani wa dakika 1. Kasi isiyotaja kituo haina maana yoyote, na kigezo ndicho kinachokitaja.

Nakubali, maelezo ya matumizi ya baadhi ya vigezo hivi ni mabovu, na vingine viwili vitatu vingeweza kuunganishwa. Viunganishwe. Hilo ni suala la kurekebisha, halihitaji kura ya kufuta.

Na anayesema viungo vya zamani vitajihifadhi vyenyewe akumbuke WebCite, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi nakala za kurasa za tovuti. Makala nyingi za vimbunga ziliitegemea kwa nakala zao, na mwaka 2019 iliacha kupokea maombi mapya. Palipokuwa na kigezo, tulijua pa kuzitafuta nakala zilizohitaji kuhamishwa. Palipobandikwa anwani tupu, ilibidi kusoma makala nzima kwa macho, na taarifa nyingine hazikupatikana tena popote.

Kura bado iko wazi. Kabla hujaandika jina lako, fungua makala moja ya kimbunga cha miaka kumi iliyopita, ubofye marejeo matano, usome kinachofunguka.