Ndala Zangu Mbele ya Ibara ya 13

Waliotunga Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, na walioirekebisha baadaye, walikuwa watu makini, nami sina ugomvi nao. Katika Ibara ya 13 wamepiga marufuku mtu kubaguliwa na mtu au mamlaka yoyote inayotekeleza madaraka yake chini ya sheria, na hawakuishia hapo, bali wametaja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni yake ya kisiasa, rangi, dini na jinsia, mpaka wakafika kwenye hali ya maisha. Hapo kwenye hali ya maisha ndipo ninapoingia mimi, mkulima wa korosho wa Naliendele, Mtwara, mwenye baiskeli moja, mke mmoja, na jozi moja ya viatu vya kufunika vidole ambavyo viliharibiwa na panya wakati wa masika. Zamani Katiba nilikuwa naipigia makofi tu inapotajwa mikutanoni, lakini mtu akishazuiwa kwenye geti la ofisi ya umma kwa sababu ya ndala, husoma.

Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa karatasi yangu bado imo ndani yake. Ilikuwa mwezi Julai, mikorosho imeanza kuchanua, na asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kupuliza salfa shambani, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, haumsubiri mtu mwenye shida za mjini. Nilinawa, nikavaa shati safi, nikapanda baiskeli. Mlinzi alianza kunitazama kuanzia miguuni, na nina hakika macho yake hayakufika usoni. Akaninyooshea kidole kuelekea kwenye bango lenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa, ambapo ndala zimechorwa vizuri kabisa, kisha zikakatwa kwa mstari mwekundu, akaniambia, "We mzee, rudi nyumbani ukajiandae." Nikiwa bado nalisoma bango hilo, akapita kijana mmoja ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wangu, amevaa viatu vya kung'aa na anazungusha ufunguo wa gari kwenye kidole, na mlinzi yule yule akasimama wima na kumwamkia, "Shikamoo, mheshimiwa." Kijana akaitikia marahaba bila hata kugeuka. Mimi na mvi zangu tulikuwa hapo hapo, tunashuhudia shikamoo ikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa mtoto.

Nilimpelekea habari hizi mpwa wangu anayesoma sheria chuoni, ambaye ni mtoto wa dada yangu, na kwa desturi zetu za huku kusini mjomba asipomsikiliza mpwa wake atasikilizwa na nani uzeeni. Akafungua simu yake, akasoma kidogo, akacheka peke yake, kisha akasema, "Mjomba, Waraka wa Utumishi wa Umma Namba 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi unawahusu watumishi wa umma. Wewe si mtumishi wa umma." Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema kwamba kama ningekuwa mtumishi wa umma, ndala zangu zingekuwa kosa la kinidhamu, lakini kwa kuwa mimi ni mwananchi anayehudumiwa, ndala zangu ni ndala tu. Nilifurahi sana. Tangu nizaliwe sikuwahi kunufaika kwa kutoajiriwa.

Shida ni kwamba ubaguzi ninaoulalamikia una msimu wake, na jambo hili linampa mpwa wangu tabu kubwa. Minada ya korosho ikifunguliwa mwezi Oktoba, na fedha zikianza kuingia kwenye akaunti za wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, mimi huyu huyu hubadilika kuwa mtu mwingine kabisa machoni pa watu. Muuza chipsi huniita bosi. Mwenye duka la pembejeo, aliyekataa kunikopesha mfuko mmoja wa salfa na kuniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, huulizia afya ya mama watoto kwa sauti ya upole. Bodaboda hugombea kunipakia bila kujali kwamba nina baiskeli. Na mlinzi wa geti lile, naapa, aliwahi mwezi Novemba kunifungulia geti la magari nikiwa nakokota baiskeli iliyopata pancha. Sasa iwapo lalamiko langu litasikilizwa mwezi Desemba, mlalamikiwa atawaonyesha wasikilizaji mtu aliyevaa viatu vipya, saa ya mkononi na manukato, awaulize kama huyu ndiye mnyonge anayezungumzwa. Mpwa wangu amekiri kwamba bado hawajafundishwa namna ya kumtetea mtu ambaye hali yake ya maisha ni duni kuanzia Februari mpaka Septemba peke yake.

Kwa hiyo tulikubaliana kuwahi. Barua niliiandika kwa mkono wangu, nikaieleza ofisi hiyo kwa heshima zote kwamba imenibagua, kisha nikauliza mahali pa kuipeleka. Nikaambiwa kwamba kuna sanduku la maoni. Nikauliza lilipo. Nikaambiwa lipo ndani, ukutani, ukishapita mapokezi. Ninaomba msomaji aliangalie jambo hili kwa utulivu: mwananchi anayetaka kulalamika kwamba amezuiwa kuingia ndani anatakiwa kwanza aingie ndani. Nilimweleza mlinzi mkanganyiko huo kwa ufasaha wote niliojaliwa, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndala haziingii, mzee."

Nje ya geti lile, chini ya mwembe, kuna fundi viatu ambaye siku za nyuma nilimwona kama mtu anayeshona soli tu. Kumbe huyu bwana ana biashara ya pili, nayo inamlipa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu anawakodisha viatu watu wa namna yangu. Unamwachia ndala zako kama dhamana, unavaa viatu vyake, unaingia, unahudumiwa, unarudisha. Pea iliyobaki siku hiyo ilikuwa ya kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia iliyokoza, vyote vya mguu wa kushoto, lakini mlinzi aliponitazama aliridhika kabisa, kwani bango lake halina picha ya mtu mwenye miguu miwili ya kushoto. Nikaingia nikichechemea, nikaliona sanduku. Lilikuwa na kufuli, na buibui alikuwa ameshaufunga mlango wake kwa utando kabla ya mimi kufika. Nikamwuliza dada wa mapokezi anayekaa na ufunguo. Akajibu, bila kuona ajabu yoyote, kwamba ufunguo hukaa kwa mlinzi.

Nikaomba kumwona ofisa malalamiko. Alikuwa amekwenda semina ya kuboresha huduma kwa wateja. Aliyemkaimu alikuwa ndiye bwana aliyeidhinisha lile bango, na kwa kweli alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaisoma barua yangu yote, kisha akaeleza kwamba ofisi yake haihusiki hata kidogo kwa kuwa mlinzi si mwajiriwa wao, ni wa kampuni ya ulinzi. Nikatoka kwenda kwenye kampuni hiyo, ambako niliambiwa kwamba wao hawana tatizo lolote na ndala, wanatekeleza maelekezo ya mteja wao, ambaye ni ile ofisi. Niliporudi na jibu hilo, yule bwana akabadilisha utetezi. Akasema huenda mlinzi alikuwa ananitania tu, kwa kuwa makabila yetu ni watani. Mimi utani ninaufahamu na ninauheshimu. Mtani wangu anaruhusiwa kuja msibani kwangu, akalala palipokusudiwa jeneza na kudai alipwe ndipo maziko yaendelee, na mimi nitacheka huku nalia. Lakini mtani hufanya hayo mbele ya watu wanaojua kwamba kesho zamu ni yangu, na sijaona ni lini nitasimama getini na kirungu nimzuie yeye kuingia shambani kwangu.

Tukaja kwenye ushahidi. Siku ya tukio palikuwa na foleni ya watu, na wote waliona, na kadhaa walinong'ona kwamba haya ni maonevu. Nilipowafuata mmoja mmoja kuwaomba waandike majina yao, kila mmoja alikumbuka kwamba wakati huo alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Mama mmoja alikuwa mkweli zaidi, akaniambia, "Baba, na mimi karatasi yangu imo humo humo." Sikumlaumu.

Mpwa wangu, kwa moto wa ujana, akataka twende moja kwa moja Mahakama Kuu. Akanifafanulia kwamba Ibara ya 30 inamruhusu mtu aliyevunjiwa haki za msingi kufungua shauri huko, kwamba kuna sheria ya mwaka 1994 inayoweka utaratibu wake, na kwamba shauri la namna hiyo husikilizwa na majaji watatu. Majaji watatu kwa jozi moja ya ndala! Usiku huo sikupata usingizi. Nilikuwa nawaona wameketi na majoho yao, na katikati ya meza, juu ya kitambaa, ndala zangu zikiwa kielelezo cha kwanza, ya kulia ikiwa na kamba niliyoiunga kwa waya. Asubuhi mpwa akarudi akiwa amepoa, kwani alikuwa ameendelea kusoma sheria ile na kukuta kwamba mahakama haiwezi kulishughulikia shauri endapo mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu ambayo hajaitumia. Mama watoto, aliyekuwa anatwanga pembeni, akauliza kama kununua viatu ni mojawapo ya njia hizo. Hatukumjibu, kwa sababu swali halikuwa la kisheria.

Njia iliyobaki ilikuwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ilianza kazi mwaka 2001 kwa sheria namba 7 ya mwaka huo, ikachukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966 ambayo wazee wetu waliizoea. Tume hii ina ofisi Lindi. Inapokea malalamiko bila malipo, huhitaji wakili, na ukitaka unaeleza kwa mdomo wanaandika wao. Si mahakama, kwa hiyo baada ya uchunguzi hutoa mapendekezo, ila mamlaka ikiyapuuza Tume inaweza kulipeleka jambo mahakamani. Yote haya ni mazuri, na manung'uniko yangu hapa ni madogo: huduma ni ya bure, basi la kwenda Lindi si la bure. Kutoka Mtwara unapita Mikindani, unakwenda mpaka Mnazi Mmoja, ndipo unaingia Lindi, na nauli ya kwenda na kurudi ingetosha kununua viatu vya mtumba vyenye mguu wa kulia na wa kushoto. Mama watoto alilieleza hilo kabla sijalifikiria.

Nilikwenda na ndala. Nilizivaa kwa makusudi, na nilijiandaa kabisa kukataliwa getini ili lalamiko langu liwe na sehemu ya pili. Hakuna aliyezitazama. Ofisa alinikaribisha, akaniamkia shikamoo kabla sijakaa, akachukua kalamu na kuniandikia maelezo tangu ile siku ya salfa mpaka ule utando wa buibui, na aliponiuliza kama kampuni ya ulinzi nayo nailalamikia, nilimwambia aiweke. Kisha akauliza swali ambalo katika mahangaiko yote hayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: ninaomba nafuu gani?

Mpwa wangu alikuwa amenifundisha niseme fidia. Nilifikiri kidogo, nikamwambia aandike kwamba sanduku la maoni litolewe nje ya geti, na ufunguo wake akae nao yule fundi viatu.