Jeshi Kwanza au Chuo Kwanza?

Mwishoni mwa Mei, Kariakoo huwa na wateja wa aina yake: akina mama wenye karatasi mkononi wanaoulizia bukta. Si bukta yoyote. Iwe ya bluu iliyokoza, ya lastiki, isiyo na zipu, ifike magotini. Kisha fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi na shuka mbili za bluu bahari. Mimi na dada yangu tulizunguka tangu asubuhi hadi adhuhuri tukimtafutia mwanawe vitu hivyo. Alikuwa ametoka tu kumaliza mtihani wa kidato cha sita, amepangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Ruvu, mkoani Pwani. Dada aliiweka bukta kiunoni mwake mwenyewe, akatikisa kichwa. "Huyu ana miguu mirefu, itamwishia mapajani." Tukarudi duka la kwanza.

Miezi mitatu baadaye kijana amerudi. Amekonda, amekomaa uso, anaamka saa kumi na moja bila kuamshwa, na kitanda anakitandika shuka likanyooka kama limepigwa pasi. Amekuja na neno pia. "Mamdogo, chuo sitaki tena. Nataka nirudi JKT kwa kujitolea, halafu niingie JWTZ," yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Naye ana nafasi ya chuo: akiwa kambini, mama yake alikaa kwenye steshenari ya Mbagala Rangi Tatu nusu siku akimjazia maombi ya udahili, na jina limetoka kwenye orodha ya ualimu huko Dodoma. Sasa nyumba imegawanyika. Baba anasema jeshi ni ajira ya uhakika. Mama analia chumbani. Mimi nimeombwa niseme neno, na kabla ya kulisema nimeona nilipime kwanza, kwa sababu najua ni nyumba nyingi zenye mazungumzo haya hivi sasa.

Tuanze kwa kutenganisha mambo ambayo mtaani huitwa kwa jina moja, "kwenda jeshi". Kuna JKT ya mujibu wa sheria, ambayo wahitimu wa kidato cha sita huitwa baada ya mtihani. Ni miezi michache, halafu unarudi nyumbani. Kuna JKT ya kujitolea, ambayo ni miaka miwili, na nafasi zake huombwa kupitia mikoa na wilaya zinapotangazwa. Halafu kuna JWTZ yenyewe, ambayo ni kazi ya maisha, yenye kiapo. Kijana aliyemaliza hatua ya kwanza akadhani ameshaonja ya tatu anajidanganya. Ruvu ya miezi mitatu, mkiwa mamia ya rika moja, mnaimba mchakamchaka alfajiri huku kila mmoja akijua tarehe ya kurudi nyumbani, ni kitu kizuri sana. Siyo jeshi.

Ubishi huu ni wa siku nyingi. JKT iliundwa Julai 1963, na serikali ilipoamua wasomi nao waingie kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu Oktoba 1966. Hasira yao kubwa ilikuwa juu ya kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika sehemu ya muda wa utumishi. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuo, wakarudishwa makwao. Na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mafunzo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Katika ubishi ule wa 1966 msomi alikuwa anaogopa jeshi litamchelewesha kazi iliyokuwa inamsubiri. Leo kijana wa Mbagala anakimbilia jeshi kwa sababu haoni kazi yoyote inayomsubiri. Mtu asiyeliona badiliko hilo hawezi kumwelewa mtoto wa dada yangu.

Na upande wake una nguvu, lazima nikiri. Mtaani kwao wapo vijana wawili wenye shahada. Mmoja anauza vifuniko vya simu pale stendi, mwingine ana bodaboda ya mkataba. Wote walimaliza chuo na deni la Bodi ya Mikopo linawasubiri. Mtoto huyu anawapita kila asubuhi, anawasalimia "shikamoo kaka", na anajiuliza miaka mitatu ya Dodoma itamfanya awe nani. Ukimwambia elimu ni ufunguo wa maisha, anakuuliza kitasa kiko wapi. Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa la uongo.

Halafu kuna lile ambalo sisi wakubwa hulipuuza: kijana amejisikia mtu. Kwa mara ya kwanza amekuwa mahali ambapo mtoto wa Masaki na mtoto wa Mbagala wanavaa raba zilezile, wanakula maharage yaleyale, na anayesifiwa ni anayekimbia bila kukata tamaa. Alinisimulia usiku mmoja wa doria, mvua inanyesha, mwenzake akiwa anatetemeka, wakagawana koti kwa zamu hadi alfajiri. Alipokuwa anasimulia, sauti ilibadilika. Mwenye moyo wa jeshi huonekana hapo, anapozungumzia wenzake kuliko anavyozungumzia sare. Jeshi pia lina madaktari, marubani, wahandisi na mafundi, na huwasomesha watu wake. Anayesema askari ni mtu aliyeshindwa shule hajawahi kuingia hospitali ya jeshi ya Lugalo.

Lakini hesabu yake ina tundu, na nilianza na hilo. Yeye anasema "kujitolea, halafu JWTZ" kana kwamba ni kidato cha tano na cha sita. Si hivyo. JKT yenyewe, kila inapotangaza nafasi za kujitolea, husema wazi kwamba inatoa mafunzo na stadi za maisha, haitoi ajira. Vyombo vya ulinzi huchukua baadhi ya vijana hao, ndiyo, lakini baadhi tu. Aprili 2021 tuliona matokeo ya matumaini yaliyogeuka madai: vijana 854 wa kujitolea waliondolewa JKT baada ya kugoma na kudai ajira waliyoamini wameahidiwa, kama alivyotangaza Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo. Baadhi yao walikuwa wameshiriki kujenga ukuta wa migodi ya tanzanite ya Mererani. Baadaye Rais Samia aliwasamehe, na nilifurahi, kwa sababu walikuwa watoto wa watu waliofanya kazi ngumu. Ila fikiria mzazi aliyepokea simu ile usiku, mwanawe yuko stendi na begi, miaka imekwenda, cheti cha chuo hakuna.

Hapo ndipo panaponifanya nielemee upande mmoja. Matangazo ya kuandikisha askari wa JWTZ huweka ukomo wa umri kulingana na elimu, na mwenye shahada huruhusiwa kuwa na umri mkubwa kuliko wa kidato cha sita. Maana yake, anayetangulia chuo hajaufunga mlango wa jeshi. Akimaliza akiwa bado kijana anaweza kuugonga tena, na pengine kwa nafasi bora, kwa sababu jeshi linahitaji taaluma na wapo wahitimu wanaochaguliwa kuwa maofisa wanafunzi na kupelekwa chuo cha maofisa cha Monduli. Anayeingia na cheti cha kidato cha sita mara nyingi huanzia chini, askari wa kawaida. Wapo wanaopanda kutoka hapo kwa bidii yao, nawaheshimu sana. Lakini anayeacha nafasi ya chuo mwaka huu ili asubiri tangazo ambalo halijatoka, akikosa, atarudi kuomba udahili na mkopo upya akiwa amepoteza miaka, akishindana na waliomaliza juzi. Milango hii miwili haifungiki sawa.

Baba yake alinijibu kwa hoja ambayo siwezi kuifukuza. "Shemeji, umri huo wa shahada unautegemea wewe. Mtoto akienda chuo akalegea, akapata mtoto kabla ya wakati, akaota kitambi, jeshi litamtaka?" Ni kweli. Jeshi linataka mwili, linataka asiye na ndoa, linataka rekodi safi. Miaka mitatu ya chuo inaweza kuvitunza vyote hivyo au kuvimaliza. Na kwa kijana ambaye hakupata chuo kabisa, hoja yangu yote ya mlango inaanguka. Kwa huyo, miaka miwili ya kujitolea, ya kulima, kufuga, kujenga na kujifunza ufundi, ni bora mara nyingi kuliko miaka miwili ya kukaa kijiweni, alimradi aende akijua anakwenda kuchukua ujuzi, na ajira ikija aipokee kama ziada. Ningekuwa na mwingine wa namna hiyo, ningemnunulia bukta mimi mwenyewe.

Na wazazi, tafadhali, nafasi hizi haziuzwi. Mtu akikwambia ana "afande wake" anayehitaji milioni kadhaa ili jina lipite, huyo ni tapeli. Dada yangu ameshapigiwa simu ya namna hiyo, mpigaji anajua hata jina la kambi ya mtoto. Alikuwa ameanza kufikiria kuuza kiwanja cha Chamazi.

Jambo ambalo hatukulizungumza mezani, ambalo nililileta mimi, ni kifo. Tunazungumzia jeshi kama vile ni ofisi yenye sare. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur, Sudan, wakilinda amani. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, waasi waliwashambulia walinzi wa amani na kuwaua Watanzania wasiopungua 14. Miili iliagwa hapahapa Dar es Salaam. Nakumbuka siku ile redio ya kwenye daladala ikisoma majina, konda akaacha kuita abiria. Walikuwa wengi wao vijana, na walikwenda kwa sababu nchi iliwatuma. Hakuna atakayekuuliza unaonaje.

Nilimpeleka kijana kwa mzee mmoja jirani, Yombo, aliyekwenda Kagera akiwa mgambo mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka. Nilitaka mtoto asikie kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Mzee hakumtisha wala hakumsifia. Alimuuliza tu, "Ukiambiwa lala hapa kwenye matope siku tatu, na aliyekwambia ni mdogo kwako kwa umri lakini mkubwa kwa cheo, utalala?" Kijana akasema atalala. Mzee akanyamaza kidogo, akataja majina mawili ya wenzake ambao hawakurudi, akasema kila Julai 25 huwa anawasha redio kusikiliza maadhimisho ya Mashujaa kisha huizima kabla hayajaisha. Hakueleza kwa nini.

Kuna pia uhuru unaouacha mlangoni. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Kura atapiga, ila uanachama hapana. Utakaa unapopangiwa, iwe mpakani au kisiwani, na mama akiugua hutaondoka bila ruhusa. Mtoto huyu anayependa kubishana na kila mtu kuhusu serikali na mpira, nilimkumbusha hilo. Alicheka, lakini naona alilifikiria.

Basi neno langu, kwa kuwa niliombwa. Nimemwambia aende Dodoma. Sijamwambia aliache jeshi. Nimemwambia alibebe aende nalo. Aendelee kukimbia alfajiri, mwili autunze, asichore tatuu, asome hisabati kwa bidii kwa sababu mizinga na madaraja vinahitaji watu wa hesabu, na akimaliza, tangazo likitoka, nitakuwa wa kwanza kumsindikiza. Baba yake hakukubaliana nami yote. Alisema nimecheza salama kwa mtoto ambaye si wangu, na inawezekana ni kweli: nikikosea, miaka mitatu inayopotea si yangu.

Kabla hajaamua, nilimuuliza swali moja tukiwa wawili tu barazani. Kama mshahara wa askari ungekuwa sawa kabisa na wa mwalimu, na ajira ya ualimu ingekuwepo kesho asubuhi, angechagua nini? Hakunijibu upesi kama nilivyotarajia. Alikaa, akachezea ufunguo wa geti mkononi. "Mamdogo, ningekwenda jeshi vilevile," akasema. Nikamwamini. Vyuo vinafunguliwa mwezi ujao, na fomu ya kuthibitisha nafasi bado iko wazi kwenye simu ya mama yake, haijabonyezwa.