Huyo CI Ni Nani?

Binamu yangu alipochumbiwa na kijana wa Ayalandi, mama yake, yaani shangazi, aliapa kumkaribisha mkwe kwa heshima zote. Akamwaga bendera kwenye kundi la familia, mstari mzima: 🇨🇮🇨🇮🇨🇮. Za Côte d'Ivoire.

Rangi ni zilezile: kijani, nyeupe na chungwa. Ila ya Ayalandi huanza na kijani kushoto, na ya Côte d'Ivoire huanza na chungwa. Nikamtumia shangazi ujumbe pembeni. Akaigeuza simu juu chini, kisha akanijibu, "Mwambie na mkwe aigeuze yake. Si itakaa sawa?"

Nikajaribu. Ikakaa sawa kabisa! Nikakosa la kusema.

Basi ikawa kila asubuhi, "Umeamkaje kipenzi," na bendera tatu za watu wengine. Kijana wa watu, mpole, akawa anarudisha makopa tu.

Msala ulianzia kwa mumewe shangazi. Mzee hana habari na simu. Mambo ya kundi huyasoma kwenye kompyuta, na yake ni ya zile zisizochora bendera. Maana emoji ya bendera kwa ndani ni herufi mbili maalumu za msimbo wa nchi, utaratibu ulioingizwa mwaka 2010 kwenye Unicode, ile orodha ya dunia nzima ya herufi na alama za kompyuta na simu. Simu ikizikuta herufi hizo inachora bendera. Kompyuta ya mzee ikizikuta, inaandika herufi, basi. Kwa hiyo kila alfajiri mzee alikuwa anasoma maneno ya mkewe: "Umeamkaje kipenzi CI CI CI."

Akaniita chumbani, akafunga mlango.

"Mwanangu, nisitiri. Huyo CI ni nani? Mama yenu anamwandikia mbele ya watoto, hana hata haya."

"Mzee, hiyo ni Côte d'Ivoire."

Akakaa kitandani taratibu. "Kumbe wa nje! Mcheza mpira?"

Nilieleza mpaka koo likakauka. Mzee anaitikia kwa kichwa, macho yako dirishani. Nikaona dawa ni kwa shangazi: nikambembeleza, akanuna, mwishowe akakubali kubonyeza ile inayoanza na kijani.

Kesho yake, hata uso sijanawa, mzee huyo mlangoni.

"Wameachana," akaninong'oneza. "Sasa yuko na mmoja anaitwa IE."