Bango la Mwaloni: Aliyeliandika Ni Mimi

Ndiyo, lile bango la samaki la Kiingereza kilichochekwa soko la Mwaloni, aliyeliandika ni mimi. Shemeji ameshalirusha kwenye magrupu manne, kwa hiyo acheni kunifuata inbox na "Ticha, kweli ni wewe?" Ila toleo lake la kisa lina chumvi, eti nilikimbia. Mimi sikukimbia. Nilitembea haraka.

Mnajua nafundisha tuisheni ya Kiingereza Nyegezi, hapa Mwanza, na wiki hiyohiyo tulikuwa tumemaliza somo la kulinganisha sifa. Neno la silabi moja unalipa mkia wa "-er": fresh, fresher. Likiisha na irabu moja na konsonanti moja, konsonanti unairudia: big, bigger. Likiishia "y" kama tasty, hiyo "y" inageuka "i": tastier. Neno refu halipewi mkia, linatanguliziwa "more": more affordable. Ni mkia au "more", chagua kimoja. Ukitumia vyote, nikawaambia wanafunzi kwa mbwembwe, umevaa mikanda miwili kwenye suruali moja. Huo mfano wa mikanda uwekeni pembeni, unarudi.

Shemeji anauza sato na sangara Kirumba, pale Mwaloni. Akataka bango la Kiingereza, liwavute wageni wanaotoka kupiga picha Jiwe la Bismarck. Nikamwandikia, na hii naapa ilikuwa safi:

"We sell more affordable and fresher fish than other stalls. We love fresh fish more than our customers do."

Fundi wa mabango akanipigia. "Ticha, bango ni mita 3 kwa 1. Kwa maneno yote haya herufi zitakuwa dagaa." Sasa mimi darasani ndiye bingwa wa sentensi fupi, nakata maneno ya watoto wa watu kwa wino mwekundu. Nikiwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, nikafuta "affordable and". Nikafuta na "do", kaneno ka herufi mbili. Sikusoma upya. Nikatuma.

Jumamosi asubuhi bango linaning'inia, herufi nyekundu za kuonekana hadi ziwani:

WE SELL MORE FRESHER FISH THAN OTHER STALLS. WE LOVE FRESH FISH MORE THAN OUR CUSTOMERS.

Nimesimama chini yake, nimekunja mikono, nasubiri sifa. Anapita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili na beseni la dagaa la mama yake kichwani. Akasimama. Akatua beseni. Kidole kikaanza kutembea hewani, neno kwa neno. Kwenye MORE kikasita. Kikaenda FRESHER. Kikarudi MORE. Mimi gamba la sato lilikuwa limenikaukia mkononi, nikawa nalibandua taratibu ili nisikutane naye macho.

"Ticha," akasema kwa upole kabisa, "mikanda miwili."

Ningenyamaza yangeishia hapo. Nikajifanya msomi: "Hata Shakespeare aliandika 'most unkindest', 'most' na mkia '-est' pamoja, zaidi ya miaka 400 iliyopita."

Mama wa meza ya jirani akauliza, "Naye alikuwa anauza samaki?"

Halafu akageukia bango. "Na huo mstari wa chini unasemaje, mwanangu?"

Mtoto mtiifu huyo, akatafsiri kwa sauti: "Tunawapenda samaki kuliko wateja wetu."

Mparua magamba akaacha kisu hewani. Mteja mmoja, kilo zake 2 zimeshapimwa, akawarudisha sato mezani mmoja mmoja. "Basi kaeni nao."

Alitafsiri sawasawa, hapo sina pa kujitetea. Ile "do" ndiyo ilikuwa inasema wateja nao wanapenda samaki, sema sisi tumewazidi. Kuitoa ni sawa na kuitoa "wanavyowapenda" kwenye "kuliko wateja wanavyowapenda": sentensi inasomeka njia mbili, na mteja anaweza kuacha kuwa mpendaji, akawa anayependwa kidogo kuliko samaki. Na "more" iliachwa yatima baada ya kufuta "affordable", ikadandia "fresher" yenye mkia wake tayari. Kila nilichofuta kilikuwa kimeshikilia kitu.

Yaliyofuata mnayajua. Bango likashushwa, sasa linafunikia barafu. La pili nimelipa mimi. Jumatatu kuna mtu alikuja tuisheni amevaa mikanda miwili, namfahamu, mtihani unakuja.

Bango jipya linasema FRESH FISH. Shemeji kaliandika mwenyewe.