Wingi wa watu haujazi uwanja peke yake

Kila viwanja vitupu vya Ligi Kuu ya Uganda vinapolalamikiwa, jibu la haraka ni lile lile: pelekeni timu kwenye watu wengi. Hoja hiyo ina uzito. SC Villa, Express na KCCA, zilizogawana mashabiki wa nchi kwa miongo mingi, zote ni za Kampala. Mjini kuna wafadhili, kuna redio, na kijana akitoka kazini anapanda bodaboda hadi uwanjani.

Lakini tazama Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala. Sensa ya 2024 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni 3.4, karibu mara mbili ya Kampala. Humo ndimo ilimo Vipers, bingwa wa mara kwa mara miaka hii, yenye uwanja wake mzuri pale Kitende. Kwa watu na kwa vikombe, ingepaswa kuizidi Villa kwa mashabiki. Haijaizidi. Villa ilikaa miaka 20 bila ubingwa, toka 2004 hadi 2024, na watu wake hawakuitupa. Wakazi wengi wa Wakiso walihamia kufuata nyumba na viwanja vya kujenga. Walikuja na timu zao moyoni. Wilaya hizo hizo zinazoizunguka Kampala zinajaa shangwe Kombe la Masaza la Buganda, yaani la kaunti za ufalme huo, linapochezwa, kwa sababu pale mtu anashangilia saza la babu yake.

Huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tulipata somo letu. Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2016, uwanja wa Green Light mjini Arua ulifurika. Tuko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na hatimaye timu kubwa zililazimika kuja kwetu. Mapenzi yale hayakutokana na sensa. Hata hivyo mwaka 2023 timu ilishuka daraja, na hapo lazima niwape haki wenye hoja ya idadi: shangwe hazilipi mishahara, na mji wa kiasi chetu una kampuni chache za kuweka jina kwenye jezi.

Basi uwanja ujengwe mkubwa kiasi gani? Ule wa Hoima, mji wa eneo la mafuta magharibi mwa nchi, umepangiwa watu 20,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2027, yaani kipimo chake ni mashindano, si wakazi. Wanaoutetea wanasema mafuta yataukuza mji, na kwamba mikoani nako kunastahili kitu cha maana baada ya miaka mingi ya kila kitu kuwa Namboole, uwanja wa taifa karibu na Kampala. Nakubaliana nao kuhusu haki ya mikoa. Ila kwa mechi za kawaida za ligi, ningependa jukwaa la watu 5,000 lililojaa, lenye nafasi ya kuongezwa baadaye.

Kitara ya Hoima ilitwaa Kombe la Uganda mwaka 2024, kwa hiyo timu ya kupendwa ipo tayari. Ipewe kauli juu ya ratiba ya uwanja huo na bei ya kiingilio sasa, kabla haujazoea kuwa wa mikutano na matamasha.