Konvensheni ya pili ya Texas: sadaka iliyovuka jimbo

Novemba 1998, makanisa ya Kibaptisti yapatayo 120 yalikutana Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, na kuunda konvensheni, yaani umoja wa makanisa, iitwayo Southern Baptists of Texas Convention (SBTC), ingawa Texas ilikuwa na Baptist General Convention of Texas (BGCT) tangu karne ya 19. Tangu siku hiyo waasisi wake wanaitwa wagawanyaji. Ni kweli waligawanyika na ndugu zao. Ila wanaowalaumu huanza na kura ya kuondoka, wakaacha yaliyoitangulia.

Kanisa la Kibaptisti hujitawala. Konvensheni haimiliki jengo lake wala haimchagulii mchungaji. Makanisa yanaunganishwa na imani wanayoikiri na mfuko wanaochangia. Wahafidhina, yaani walioshikilia mafundisho ya zamani, ambao ndio waliokuja kuunda SBTC, walishindwa mara kwa mara katika uchaguzi wa rais wa BGCT. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Baylor, chuo cha Wabaptisti wa Texas, kilibadili hati yake ya uendeshaji, na BGCT ikapoteza uwezo wa kuchagua wakurugenzi walio wengi. Mtu aliyeshindwa kwa kura, na akaona hata kura yenyewe haifiki tena chuoni, abaki akifadhili nini?

Fedha ndizo zinazoeleza zaidi. SBTC ilianza kwa kupeleka nusu ya michango ya Mpango wa Ushirika, mfuko wa pamoja wa makanisa, kwa Southern Baptist Convention, konvensheni ya kitaifa, baadaye ikafika asilimia 55. Kwa kiwango hicho, kanisa likitoa dola 100, 45 zinabaki Texas na 55 zinatoka nje ya jimbo. Kati ya hizo 55, takriban nusu huenda kwa umisheni wa nje, ule uliopeleka wamishonari Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Muumini wa kijijini anayetoa fungu la kumi anaweza kuifuata shilingi yake mpaka mwisho. Kisha mwaka 2000 BGCT ikapunguza fedha za seminari sita za konvensheni ya kitaifa, vyuo vya kuandaa wachungaji, kutoka zaidi ya dola milioni 5 hadi milioni 1. Hofu ya waasisi, kwamba BGCT ilikuwa ikijitenga na konvensheni ya kitaifa, haikuwa ya kubuni.

BGCT nayo ilikuwa na hoja nzito. Ungamo la imani la konvensheni ya kitaifa, lililorekebishwa mwaka 2000, liliwawekea wanaume peke yao kazi ya uchungaji, likaondoa sentensi iliyomfanya Kristo kuwa kipimo cha kufasiri Biblia. Kukataa kufungwa na maneno ya namna hiyo ni desturi ya kale ya Wabaptisti, wala si uasi.

Hata hivyo, kuanza upya kulikuwa na nafuu yake. Katika jimbo la Missouri wahafidhina hawakuondoka, bali waliishika konvensheni yenyewe. Taasisi tano za konvensheni hiyo zikabadili hati zao ili zijitawale, na kuanzia 2002 wakaburuzana mahakamani miaka mingi. SBTC ilianza bila chuo wala hospitali, hivyo hapakuwa na mali ya kugombania.

Gharama iliangukia makanisa madogo. Mkutano wa washirika ukipiga kura ya kuhama kwa tofauti ndogo, walioshindwa huondoka na sadaka zao, na mshahara wa mchungaji hutetereka. Ndiyo maana kuruhusu kanisa kushirikiana na konvensheni zote mbili kulikuwa uamuzi mzuri: kanisa linagawa mchango wake, linabaki pamoja, na halilazimiki kuhama kabla washirika hawajaelewana.